Manahodha wa Tumbo la Gervas

Waliotuachia methali isemayo manahodha wengi, chombo huenda mrama, bila shaka walikuwa watu wa pwani. Walijua kwamba chombo kikiwa na waongozaji wengi, kila mmoja akivutia kwake, safari huharibika. Kirushya, wilayani Ngara, hakuna pwani. Kuna migomba na maharage. Hata hivyo manahodha wapo tele, na Joyness aliwajua wote siku mwanawe wa kwanza alipougua tumbo.

Gervas alikuwa mtoto wa miezi saba, mnene na mcheshi. Asubuhi hiyo alipiga yowe ghafla, akakunja miguu mpaka magoti yakagusa tumbo, uso ukampauka. Joyness akachukua kanga ambebe kumpeleka zahanati. Kabla hajafunga fundo, mtoto akanyamaza na kusinzia kana kwamba hakuna lililotokea.

"Unakwenda wapi?" aliuliza mkwewe, Mama Ildefonsa. "Huo ni mchango wa tumbo tu. Mimi nimelea watoto tisa." Akachemsha majani anayoyajua mwenyewe, akamnywesha mjukuu wake kijiko kizima. Gervas akatapika, kisha akatulia. "Unaona sasa?"

Joyness hakuona kitu. Muda si mrefu kilio kikarudi, kikali kuliko cha kwanza, na safari hii akaja wifi yake, Priscila.

"Mama naye! Mchango gani huo? Mtoto kapigwa jicho baya sokoni." Akamfunga uzi mweusi kiunoni, akamkanda tumbo kwa mafuta. Maumivu yakapita, kama yalivyopita mwanzo, na Priscila akatembea uani kifua mbele. Huo ndio ulikuwa ujanja wa ugonjwa ule: ulibana, ukaachia, ukabana tena. Kila ulipoachia, alikuwapo mtu wa kudai sifa. Mkwe na wifi hawakupatana kwa lolote isipokuwa moja tu, kwamba mama mtoto hajui kitu.

Mchana Joyness alifungua nepi, akakuta damu iliyochanganyika na ute. Alikimbia mpaka kwenye shamba la kahawa, alikokuwa mumewe, Danstan.

"Baba Gervas, mtoto anatoka damu. Twende hospitali sasa hivi."

Danstan alijikuna shingo. "Hospitali wakisema apasuliwe, tutajibu nini? Tumsubiri kaka arudi kutoka Kanazi."

Tangu baba yao afariki, kaka huyo, Alfonce, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, na katika ukoo ule hakuna mtoto aliyepelekwa kwenye kisu kabla yeye hajaketi na kutoa neno.

"Kwani Alfonce ndiye aliyemzaa?" Joyness aliuliza kwa hasira. Danstan akaendelea kupalilia. Joyness akarudi nyumbani kumsubiri huyo kaka.

Alfonce alifika jua likielekea kuzama.

"Shikamoo, shemeji. Mtoto ana hali mbaya," Joyness alimwambia hata kabla hajapewa kiti.

"Marahaba. Tukae kwanza, tusikilizane."

Wakakaa. Mama akaeleza mchango, Priscila akaeleza jicho, Alfonce akaanza kueleza jinsi marehemu baba yao alivyokuwa akitibu matumbo. Joyness akamtazama mwanawe. Tumbo lilikuwa limevimba, macho yamelegea, wala hakulia tena.

"Afadhali, ametulia," alisema Mama Ildefonsa.

"Hajatulia! Ameishiwa nguvu!" Joyness alisimama, akamfunga mtoto mgongoni. "Kikao kiendelee. Mimi nakwenda." Alikuwa amekwisha fika barabarani Danstan alipomfuata na pikipiki ya jirani.

Hospitalini, daktari alibonyeza tumbo la Gervas, akakunja uso. "Utumbo umeingia ndani ya utumbo mwenzake, kama mkono wa sweta uliovuliwa vibaya. Mngemleta asubuhi, huenda tungeurudisha bila kisu. Sasa nahofia kipande kimeoza. Lazima tumpasue. Mnakubali?"

Danstan akatoa simu. "Nimuulize kaka..."

"Irudishe mfukoni!" Joyness alifoka, chozi likimtoka. "Tunakubali, daktari. Mchukue."

Gervas aliokoka, lakini kipande cha utumbo wake kilikatwa na kutupwa. Siku ukoo ulipoingia wodini, Joyness alifunua shuka bila neno. Mshono ulikuwa umevuka tumbo lile dogo lote. Mama Ildefonsa alilia. Kisha, hata machozi hayajakauka, akasema mtoto apewe uji wa ulezi. Priscila akasema ulezi ni mzito, apewe mchuzi wa ndizi. Alfonce akavuta kiti ili wasikilizane.

"Hapana, kaka," alisema Danstan. Safari hii hakuinamisha macho. "Nilikusubiri siku nzima, nusura nimzike mwanangu. Mama, mnisamehe. Mtoto huyu atakula anachosema daktari, na wa kumlisha ni mama yake."

Alfonce alikirudisha kiti mahali pake, nao wakaaga mmoja mmoja. Joyness akampakata mwanawe, ambaye atalibeba kovu lile maisha yake yote, kwa sababu siku ile kila mtu alishika usukani wake. Na manahodha wengi, chombo huenda mrama.