Diski Ambayo Fundi Mghenyi Hakuifungua

Hadithi hii ni fupi. Ukishaisoma, mpelekee mtu mmoja anayeishi kwa ufundi wake.

Mjini Singida, nyuma ya soko, palikuwa na fundi wa kompyuta aitwaye Mghenyi. Alikuwa amekaa kwenye kibanda kile kile miaka kumi na tisa, na watu walisema hakuna mashine iliyowahi kumshinda. Maneno hayo yalimpendeza. Hakuyakanusha hata siku moja.

Asubuhi moja alifika mama mmoja, jina lake Elimina, amebeba kitu kilichofungwa kwa kanga. Alipofungua, ilikuwa diski ndogo nyeusi ya kuhifadhia mafaili.

"Fundi, ilianguka kutoka kabatini. Tangu juzi haifunguki."

"Ina nini ndani?"

"Sauti ya baba yangu." Akaisogeza mbele ya fundi. "Baba yupo hai, ila alipata kiharusi, huu mwaka wa nne hazungumzi. Zamani nilimrekodi akitusimulia habari za ukoo wetu na akiwaimbia wajukuu. Mwanangu wa mwisho hajawahi kumsikia babu yake akitamka neno."

Mghenyi akaanza kazi. Alibadilisha waya. Akajaribu kwenye kompyuta nyingine. Kisha akaiinua diski taratibu na kuiweka sikioni. Ilivuma, ikagonga tik, tik, tik, halafu ikanyamaza. Akaichomoa haraka.

Mlio ule aliufahamu. Ndani ya diski kuna kisahani kinachozunguka, na juu yake kichwa kidogo sana cha kusomea. Kichwa hicho kilikuwa kimeharibika. Kila diski ikiwashwa, kingeweza kukwaruza kisahani na kufuta kilichomo.

Wateja watatu walikuwa kwenye benchi, wanamtazama. Bisibisi tayari ilikuwa mkononi. Moyo ukamwambia: fungua, jaribu bahati yako. Ukishindwa, nani atajua? Utasema ililetwa ikiwa imeshakufa.

Akaiweka bisibisi mezani.

"Mama, hii siiwezi."

Mteja mmoja akacheka. "Leo Mghenyi kapatikana!"

Mghenyi akamgeukia mama yule. Alimwambia Elimina, "Dar es Salaam kuna mafundi wenye chumba kisicho na vumbi hata chembe. Wao ndio wa kuifungua. Na kabla haijafika kwao, mtu yeyote asiiwashe."

Uso wa Elimina ukabadilika. "Nimepanda mabasi mawili kwa ajili ya jina lako, fundi. Hapo ng'ambo kuna kijana mwenye kibanda, ameniambia ataifungua kwa nusu saa tu." Akaanza kuifunga diski kwenye kanga yake.

Mghenyi angeweza kumwacha aende. Lawama isingekuwa yake tena.

"Subiri kidogo, mama."

Akavuta droo ya chini, akatoa diski nyingine, kuukuu, isiyo na kifuniko. Kisahani chake kiling'aa kama kioo, lakini kilikuwa na mkwaruzo mweusi uliokizunguka chote.

"Hii ni yangu mwenyewe," alisema, na kibanda kizima kikasikia. "Ilikuwa na picha za marehemu binti yetu Zubeda, tangu siku aliyozaliwa. Ilipoanza kugonga kama hii yako, nikajiambia, mimi ndiye fundi, nimpelekee nani? Nikaifungua juu ya meza hii hii. Na upepo wa hapa Singida unaujua, vumbi likaingia. Hatukupata hata picha moja." Akaiweka mezani. "Mke wangu nilimwambia imeibwa. Mpaka leo anaamini hivyo."

Aliyekuwa akicheka akatazama chini.

Elimina aliishika ile diski yenye mkwaruzo, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka ya kwake mbele ya fundi. "Nifungie vizuri," alisema. "Niandikie na hiyo anwani ya Dar."

Jioni hiyo Mghenyi hakupitia popote. Alikwenda moja kwa moja nyumbani na ile diski mfukoni, akamweleza mkewe, Bi Rehani, kila kitu. Bi Rehani alilia. Siku tatu hakusema naye. Siku ya nne akamtengea chakula, akakaa naye mkekani, wakaanza kumzungumzia Zubeda, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kwa miaka mingi.

Wiki tatu baadaye, Bi Rehani akiwa amemletea mumewe chai kibandani, simu iliita. Alikuwa Elimina.

"Fundi, wamezipata! Karibu zote. Wale mafundi wameuliza ni nani aliishika kabla yao. Wanasema angeifungua, wasingekuta kitu. Hebu sikiliza."

Ikaja sauti ya mzee, nzito, ikasikika kibanda kizima, ikiimba wimbo wa kubembelezea mtoto. Kisha yule mwana wa mwisho wa Elimina akauliza, "Mama, nani huyo anaimba?"

"Babu yako. Huyo hapo mbele yako."

Halafu yule mtoto akasema, "Babu, umeimba vizuri."

"Baba anacheka, fundi," Elimina alisema, sauti ikimkatika. "Machozi yanamtoka, na anacheka."

Bi Rehani akaichukua simu mkononi mwa mumewe, akasema, "Mwambieni mzee tunamsikia huku. Mwekeeni tena."

Funzo: Ulichokabidhiwa na mwenzako kina thamani kubwa kuliko sifa zako. Ujuzi wako ukifika mwisho, sema "siwezi" mapema, kabla mkono wako haujaharibu kitu kisichorudi.