Mahindi Katika Vyungu Vyenye Ufa

Wapendwa, waliotutangulia katika imani husimulia kwamba huko milimani Upareni, katika mwaka wa ukame, aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Nakijwa. Alikuwa mfinyanzi, tena akilea wajukuu watatu walioachwa na marehemu binti yake. Siku hizo chungu hakikuuzwa kwa fedha. Mnunuzi alikijaza mahindi mpaka ukingoni. Mahindi yakawa ya mfinyanzi, na chungu kikawa cha mnunuzi.

Nakijwa alichoma vyungu saba, tegemeo lake lote, maana nyumbani kilibaki kibaba kimoja tu cha mahindi. Moto ukiwa bado unawaka, manyunyu yakashuka. Mvua iliyogoma mwaka mzima ikachagua saa hiyo! Vyungu vitano vikapata ufa kitakoni, mwembamba kama unywele.

Wifi yake Nanzia, naye mfinyanzi, hakuona shida. "Ziba kwa nta, wifi, upake masizi, kama nilivyofanya vyangu. Wanapima kwa mahindi, na mahindi hayavuji. Wakija kutia maji, wewe uko kwako unasonga ugali."

"Na Jumapili nitaimba nini kanisani?"

"Utaimba umeshiba."

Nakijwa hakuwa malaika. Aliziba, akapaka masizi, wakashuka pamoja gulioni. Njiani alisali sala ya aibu: "Bwana, leo tu usinitazame."

Mkulima mmoja wa tambarare, Senkondo, alivitaka vyote saba. Akajaza viwili vizima, kisha cha tatu. Mahindi yalipofika ukingoni, Nakijwa aliwakumbuka wajukuu, na moyo ukamuuma sana. Akasali tena kimoyomoyo: "Bwana Yesu, njaa naiweza nikiwa nawe. Huu uongo siuwezi."

Akasema, "Baba, mwaga mahindi yako. Hicho kina ufa, nimeuziba mwenyewe kwa nta. Na hivyo vinne vilivyobaki ni vivyo hivyo."

"Mama, umenipotezea siku!" Senkondo alimwaga kwa hasira, akaenda kununua vitano kwa Nanzia.

Nakijwa akarudi na mahindi ya vyungu viwili na mzigo wa vyungu vibovu. Kwa majuma matatu walikunywa uji mwepesi. Njaa iliwauma, lakini kila jioni alisali na wajukuu wake bila kuona haya, na usingizi ukamjia.

Kisha Senkondo akapanda mlima na punda mwenye magunia. "Vyungu vyote nilivyonunua vimevuja, isipokuwa viwili vyako. Nataka vitano."

"Baba, sina hata kimoja kizima."

"Utafinyanga. Nitavifuata mvua zikishuka. Mahindi nakupa leo. Lete chombo nikupimie."

Nakijwa hakuwa na chombo kingine. Akavitoa vile vitano vyenye ufa, na Senkondo akavijaza kimoja kimoja mpaka ukingoni. Hapakuvuja hata punje.

Chungu kimoja Nakijwa alimpelekea Nanzia, ambaye gulioni hakuna aliyenunua kwake tena.

Sisemi kila msema kweli huletewa punda mwenye magunia. Wengine hubaki na uji wao mwepesi. Lakini Nakijwa hakujibiwa siku ya punda. Alijibiwa kule gulioni, alipopewa nguvu ya kusema, "Mwaga."