Kanga Isiyoenea Simuni

Hapo zamani, tena si zamani za mbali, maana hata muuza mihogo alishakuwa na simu ya kioo, aliishi Tanga mama mmoja muuza kanga, Bi Mgeni Sheha. Siku moja wajenzi wa barabara wakaja na mabati, wakauziba mlango wa mbele wa duka lake. Wateja wakadhani amehama. Idi imebaki wiki tatu, mzigo wa msimu umejaa hadi darini. Usipouzika, duka ndiyo basi. Bi Mgeni akaogopa, nami simlaumu.

Akasema, "Njia ikizibwa, nitauza mtandaoni. Atakayeniletea wateja, kanga yangu ijayo itabeba jina atakalo yeye."

Na jina la kanga, ndugu zangu, ndiyo yale maneno ya chini. Watu wameachana kwa maneno yale. Zawadi hiyo si ndogo.

Akaja Zaituni, mchoraji wa kurasa za mtandaoni. Akachora ukurasa kama kanga yenyewe: pindo pande zote nne, mji katikati wenye picha za bidhaa, na pale chini panapokaa jina, kitufe cha kuagiza. Bi Mgeni alipouona akatoka machozi.

Akaja Kitwana, fundi wa kuugeuza mchoro uwe ukurasa wa kweli. Siku tisa akapima, akapanga, akapangua. Pindo likikaa sawa, mji unahama. Mji ukitulia, pindo linapinda. Siku ya kumi, kwenye kompyuta ya dukani, ukurasa ukafanana na mchoro kama pacha wake. Vigelegele!

Kisha Mosi, muuzaji wa dukani, akaufungua kwenye simu. Pindo likameza kioo chote, mji ukabaki kama stempu, na kitufe hakikuonekana kabisa.

"Nani kaiua kanga yangu?" akauliza Zaituni.

"Dada, umechora kwenye kioo kipana kama mlango," akajibu Kitwana. "Simu ina upana wa kiganja. Pindo la kushoto na la kulia litoke."

"Likitoka si kanga tena, ni dekio!"

Wakaenda kwa Bi Mgeni. Naye akasema, "Wanangu, nimeuza kanga miaka thelathini. Pindo halitoki."

Basi wiki nzima ikapotea. Kitwana akilipunguza pindo, Zaituni ananuna. Akilirudisha, simu inagoma. Idi ikabaki siku tatu, na darini hakijapungua kipande.

Mosi akachoka. Akasimama mbele ya kompyuta, akaupiga picha ule ukurasa mzuri, akaandika chini yake namba ya duka na maneno "Piteni mlango wa nyuma." Akaituma kwenye makundi yote: la kikoba, la madrasa, la wazazi wa shule. Picha ikafika nzima, na mwenye macho mabovu akaivuta kwa vidole. Watu wakabonyeza kitufe kilichomo ndani ya picha, wakabonyeza tena, kimya. Wakaamua kupiga simu. Mkesha wa Idi mzigo ulikuwa umekwisha, na Bi Mgeni alikuwa anacheka peke yake.

Hapo wote watatu wakamjia.

Zaituni akasema, "Walichokipenda ni mchoro wangu. Jina liwe: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Akamtazama Mosi.

Kitwana akasema, "Mchoro ulikuwa umelala. Kilichopigwa picha ni kazi yangu. Jina liwe: Ukiona vyaelea, vimeundwa." Akamtazama Zaituni.

Mosi akasema, "Kaka, hata ule mchoro uliolala ningeupiga picha. Nyie mlishika pindo, mimi nikauza. Jina liwe: Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji." Akawatazama wote wawili.

Bi Mgeni akashika kichwa. Kiwanda cha kanga kinataka jina kabla hakijafunga kwa ajili ya Idi, na kanga haichukui majina matatu. Ukurasa wenyewe, mkitaka kujua, mpaka leo haufunguki vizuri simuni.

Haya, msinitazame mimi. Kanga itavaliwa Tanga nzima, na wawili kati yao watasoma kijembe cha mwenzao mgongoni mwa kila mwanamke apitaye. Je, jina ni la nani?