Kadi Kuukuu na Macho ya Atupele

Ukimaliza kuisoma hii, mrushie mzazi mmoja tu: yule ambaye "ngoja" haimtoki mdomoni.

Fundi Mwaijande wa Tukuyu hakukanyaga chuo chochote cha kompyuta. Alijifunza kwa kufungua na kufunga, na hakuwahi kumdanganya mteja.

Binti yake Atupele alikuwa anapoteza macho. Daktari hakuzunguka: "Hayatafika masika. Anachotaka kukiona, akione sasa."

Mtoto alitaka kucheza na baba yake gemu ya mbio za magari. Basi.

Mwaijande akafufua kompyuta chakavu, akaiwekea mfumo wa Linux, maana ni ya bure na haibagui mashine. Kasheshe ikawa kadi ya picha, ile inayochora vitu kwenye skrini. Ilikuwa ya zamani mno, draiva mpya, yaani programu za kuiendesha, zilishaitupa. Akahangaika na draiva za zamani hadi gemu ikafunguka, ila milima ilikuwa bapa na magari kama maboksi.

"Baba, imekubali! Njoo tucheze!"

"Bado. Haina hata vivuli."

"Mimi sitaki vivuli."

"Ngoja, mwanangu. Baba yako halipui kazi."

Mkewe akamvaa. "Baba Atupele, mtoto anataka mwenzake wa kucheza, hajaagiza fundi!"

"Kwa hiyo cha mwisho kuona kiwe maboksi?" akafoka, akazima mashine.

Msije mkasema hakumpenda. Alimpenda kufa. Lakini kila akipata vivuli, rangi zinapotea. Akipata rangi, magari yanakwama. Kila asubuhi Atupele alikuja kukaa kando yake. "Tayari, baba?" Naye, bila kugeuza shingo: "Kesho."

Hatimaye ikakubali. Majani yanatikisika, maji yanameta, magari yanateleza. Kadi kuukuu vile! Mwaijande akapiga kelele, akampakata mtoto mbele ya skrini.

"Haya, sema sasa!"

"Ni nzuri, baba."

"Na yale maji?"

"Yanapendeza sana." Anatabasamu, uso kaelekeza dirishani.

Mwaijande akapitisha mkono mbele ya macho yake. Hayakupepesa.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Nilimwomba mama asikwambie. Ulikuwa unahangaika sana."

Funzo: Mpe mtoto ulichonacho leo, kibovu hivyohivyo, na ukae naye. Kizuri kilichomchelewea utabaki kukitazama peke yako.