Hadithi Iliyofungiwa Karanga

Jaji Nampoto alisimama, akapandisha suruali juu ya kitambi, akatangaza mbele ya ukumbi mzima kwamba hadithi iliyoshika nafasi ya kwanza ilikuwa ya wizi.

"Nimeshaisoma kabla!" alisema, kidole juu. "Na ushahidi ninao."

Akachomoa mfukoni kipande cha karatasi chenye madoa ya mafuta, akakisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Kweli, yalikuwa yaleyale: bibi harusi amefika ukweni, amegoma kushuka kwenye bodaboda mpaka aambiwe nani kamuuza mbuzi wake. Kwenye benchi la mbele wanafunzi watatu wakawa kama wamemwagiwa maji ya baridi.

Kisha mama mmoja akainuka katikati ya watu, ungo wa karanga mkononi.

"Baba, hiyo karatasi ni yangu. Nimekufungia karanga juzi pale stendi. Ukaomba na nyongeza."

Watu walicheka mpaka mabati yakaitika. Jaji huyo msimulizi wenu anamfahamu vizuri sana: wanavaa kofia moja, na mke wao ni mmoja. Amezunguka, ameonja karanga za Nampula, za Lilongwe, mpaka za Kampala, na hakuna mji aliotoka bila kuaibika. Ila kuaibishwa na karanga zenyewe, hiyo ilimngoja Nachingwea.

Bi Asumini, jaji mkuu, hakucheka. "Matokeo hayatangazwi mpaka nijue hadithi ya mashindano ilifikaje kwenye karanga," alisema. "Nyie watatu, simameni."

Wakasimama. Nanyi sogeeni, muwajue.

Walikuwa wa darasa moja, Kidato cha Nne, na klabu yao ya uandishi ilikuwa na wanachama haohao tu. Somoe, binti wa yule mama wa karanga, alijaliwa kubuni. Mwonyeshe kiatu kimoja kimetupwa barabarani. Kabla hamjafika nyumbani kiatu kina mke, kina watoto, na kimekimbia deni. Chande alijaliwa masikio. Jambo akilisikia mara moja halimtoki; atakurudishia maneno yako yote, na kikohozi chako ndani yake. Na Tekla alijaliwa kukata. Akisoma ukurasa anajua neno lipi linakula bure. Kijana mmoja alimwandikia barua ya mapenzi, Tekla akamrudishia imepunguzwa nusu, na kijana mwenyewe akakiri sasa ndiyo imenoga.

Basi Somoe ndiye aliyeizaa hadithi. Aliibeba kichwani muhula mzima, akiteka maji yuko na bibi harusi, akimenya karanga yuko na bibi harusi, mpaka mama yake akamuuliza kama ana mchumba anayemficha. Siku ilipoiva aliwasimulia wenzake wakati wa mapumziko, wanakula muhogo, kisha akaiandika yote kwenye daftari. Bila Somoe kusingekuwa na bibi harusi, wala bodaboda, wala mbuzi wa kuuzwa.

Sasa, nyumba ya muuza karanga ina desturi yake. Daftari likishajaa, halitupwi. Linawekwa juu ya kabati la vyombo, mama analichana kurasa za kufungia karanga. Somoe, kwa furaha ya kumaliza, aliliweka lake palepale. Alipotoka kuoga, hadithi ilikuwa imeshaingia mjini: mwanzo uko stendi, katikati iko sokoni, na mwisho ameondoka nao kondakta wa basi la Masasi. Na kesho yake ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka kazi.

Somoe alikaa aiandike upya, akashindwa. Kila alipoigusa ikageuka hadithi nyingine. Bibi harusi akawa mjane, mbuzi akawa trekta.

Hapo akaja Chande. Alifumba macho, akaweka mkono sikioni, akaanza: neno kwa neno, sauti ya bibi harusi, sauti ya mwenye bodaboda, mpaka pumzi ya mbuzi. Aliiandika usiku kucha kwa mkono wake. Bila Chande, hadithi ile ingebaki tumboni mwa wala karanga, Jaji Nampoto akiwa mmoja wao.

Lakini mtu asiyesahau hajui pia cha kuacha. Chande aliandika na kengele ya mapumziko ilipolia, na Tekla alipoomba maji, na Somoe aliposema "ngoja, nimekosea, turudi nyuma." Hadithi ilitakiwa isomwe kwa dakika kumi, ile ingesomwa mpaka majaji waote ndevu, na Bi Asumini akiwemo.

Ndipo Tekla akashika kalamu nyekundu. Alimfuta shangazi wa bibi harusi, sura nzima. Alifuta wimbo wa harusi. Kisha akafika mwishoni, ambapo Somoe alikuwa amemshusha bibi harusi, watu wanapiga vigelegele na kula pilau, akaufuta wote. Akamwacha juu ya bodaboda, injini inanguruma, wakwe wamekodoa macho. Somoe alilia. Lakini mwisho huo ndio uliowapa alama. Jaji Nampoto mwenyewe alipoufikia alisahau kutafuna. Bila Tekla, hadithi ingetupwa kwa urefu kabla ya kusomwa.

Walipokwisha kueleza, Bi Asumini alivua miwani.

"Hamkuiba. Nyie ndio wa kwanza. Ila zawadi yenu, nafasi ya kambi ya waandishi Dar es Salaam, ni moja, na inataka jina la mtu, si la klabu. Mkuu wa kambi ananisubiri kwenye simu. Akikata bila jina, nafasi inakwenda kwa walioshika ya pili."

Walioshika ya pili wakaanza kuvaa viatu.

"Si tugawane?" Tekla aliuliza. "Kila mtu wiki yake?"

"Kambi siyo muwa, mwanangu."

Chande ndiye aliyeanza, bila kumtazama mtu.

"Kila neno liko kwa mwandiko wangu."

"Maneno ya nani?" Somoe alimgeukia.

"Uliyoshindwa kuyakumbuka?"

"Na hayo yaliyobaki, aliyabakisha nani?" alisema Tekla. "Mngeachwa wenyewe, mngekuwa bado mnasoma sura ya shangazi."

"Shangazi alikuwa mzuri!" Somoe alisema.

Jaji Nampoto aliwatazama. Asubuhi walikuwa wamebanana kwenye kiti kimoja, wakigawana andazi. Sasa baina yao mtu angeweza kupitisha baiskeli. Chande alikuwa akichezesha midomo bila sauti. Tekla alikunja pindo la sketi, akalikunjua, akalikunja. Somoe hakumwangalia mama yake.

"Tupige kura," Jaji Nampoto alinong'ona.

"Hapana," Bi Asumini alisema, naye hakunong'ona. "Mimi na mwenzangu, jaji wa tatu, tumejitoa. Wewe uliyewaita wezi mbele za watu, wewe ndiye utakayelitaja jina mbele za watu haohao."

Akamkabidhi simu. Ilikuwa ya moto kama kiazi. "Halo?" sauti ikasema ndani yake. "Nipeni jina. Nina mkutano."

Jaji alifungua mdomo. Akitaja aliyebuni, huyo hadithi ilimpotea mikononi. Akitaja aliyeikumbuka, huyo hakutunga hata nukta. Akitaja aliyeikata, atamtunuku mtu kwa kufuta ya wenzake? Na yeyote atakayemtaja, ataondoka na begi, na wawili watarudi darasani wakikaa mbalimbali. Jasho lilimtiririka mpaka ndani ya soksi.

Wewe unayesikiliza, usitazame dari, wala usijifanye unafunga kamba za viatu. Simu iko wazi. Watoto wamesimama. Je, wewe ungeamua vipi?

Jaji Nampoto naye aliuliza hivyohivyo. Aliutazama ukumbi, ukumbi ukatazama chini. Akamwona mama wa karanga, moyo ukapoa: mzazi hawezi kushindwa kumtaja mwanawe, na yeye atapata pa kujificha.

"Mama yangu," alisema kwa upole wote aliouokota safarini, "hebu wewe unisaidie. Ungemtaja nani?"

Mama Somoe aliuweka ungo magotini.

"Mimi nauza karanga, baba. Jaji ni wewe. Na leo hakuna nyongeza."