Mbwa Aliyelinda Kuku wa Uzazi

Paukwa!

Pakawa!

Mmesogea motoni?

Tumesogea!

Basi tulieni, maana hadithi hii haina kicheko.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya milima na ukungu, palikuwa na mama mmoja jina lake Tupokigwe. Binti yake wa pekee, Nsekela, aliolewa kijiji cha pili, na sasa alikuwa na mimba ya kwanza, karibu kujifungua. Tupokigwe akafuga kuku saba. Hao hawaliwi, hawagawiwi. Ni kuku wa uzazi: mtoto akizaliwa, bibi yake anawabeba kwenda kumchemshia mzazi supu, apate damu na maziwa.

Kikaingia kipupwe. Baridi ile, nyie! Umande uliganda majanini ukawa mweupe kama chumvi. Mbweha kule mlimani hakupata panya wala kwale, njaa ikamkaba. Tupokigwe akawaingiza kuku wake jikoni, kando ya mafiga. Mlango wenyewe ulikuwa wa matete, hata mbuzi angeusukuma. Nje ya mlango huo alilala mbwa wake, Chonjo, mzee wa meno machache.

Kila alfajiri Tupokigwe alichukua mtungi wake akateremka kisimani. Siku ya kwanza, akiwa huko bondeni, akamsikia mbweha akiimba kutoka mlimani:

"Mwenye mlango, upo? Mwenye mlango, upo?"

Chonjo akajibu, "Nipo! Nipo na meno yangu!"

Mbweha akanyamaza. Tupokigwe akapanda na maji yake, akakuta kuku saba, wazima wote.

"Mama," akasema Chonjo, "baridi imeniingia mifupani. Niruhusu nijilaze jikoni, hata kwenye majivu. Nitamsikia tu."

"Mbwa jikoni? Umeona wapi! Wewe una manyoya, mimi nina kanga. Nani wa kulalamika hapa?"

Siku ya pili mbweha akaimba tena, sasa karibu zaidi:

"Mwenye mlango, upo? Mwenye mlango, upo?"

"Nipo! Nipo na meno yangu!" Lakini sauti ya Chonjo ilikwaruza.

Tupokigwe aliporudi alimkuta sikio limechanika, damu imegandia shavuni.

"Mama, leo alifika hapa hapa, tumeumana. Nipe basi hata gunia nijifunike."

"Gunia nimewatandikia kuku. Na wewe kazi yako nini? Anaita, unaitika. Kuitika nako ni kazi ya kudaia gunia?"

Kuku nao wakacheka huko ndani, "Kwe kwe kwe! Mbwa anataka tandiko!"

Chonjo alijikunja pale mlangoni, pua mkiani.

Siku ya tatu baridi ilizidi zote. Tupokigwe alipotoka na mtungi alimruka Chonjo kizingitini, wala hakumtazama. Kisimani akasikia:

"Mwenye mlango, upo?"

Akatega sikio. Kimya.

"Mwenye mlango, upo?"

Kimya.

"We Chonjo!" akapiga ukelele kutoka bondeni. "Itika! Itika, baba!"

Mara ya tatu sauti ya mbweha ilitoka uani kwake. "Mwenye mlango, upo?"

Mtungi ukamponyoka ukapasuka. Akapanda mbio, akaanguka, akainuka, magoti yakavuja damu. Alipofika, mlango wa matete ulikuwa chini. Manyoya yametapakaa, damu mpaka kwenye mafiga. Mbweha alikuja na mkewe na wanawe, hawakubakiza hata mguu.

Hasira zikampanda Tupokigwe. "Mlinzi gani wewe! Kuku wanaliwa, umelala!" Akampiga Chonjo teke.

Teke likagonga kama limegonga gogo. Chonjo alikuwa amekauka kwa baridi, macho wazi, yanatazama mlimani. Lo! Tupokigwe akaketi palepale, akaona aibu, akalia kwa sauti. Nani wa kumbembeleza? Hakuna.

Kabla ya jua kuzama, habari ikaja: Nsekela amejifungua, damu nyingi imemtoka, hana nguvu hata ya kukaa. Tupokigwe akaenda na tenga tupu. Mama mkwe wa Nsekela akamlaki mlangoni.

"Karibu, Mama Nsekela. Sufuria iko motoni, tulikuwa tunakungoja. Kuku wako wapi?"

"Wameliwa na mbweha."

"Masikini! Hukuwa na mbwa?"

"Nilikuwa naye. Amekufa."

"Ameuawa na mbweha?"

"Na baridi."

Yule mama akamtazama, asielewe. "Baridi? Kwani kwako hamna moto?"

Tupokigwe akalitua chini tenga lake. Huko ndani Nsekela alikuwa akiita kwa sauti nyembamba, "Mama, supu tayari?"

Haya. Nsekela alipona au hakupona, msiniulize, mimi sikuhadithiwa. Nilichohadithiwa ni hiki: anayekulinda mpe joto angali anaitika. Usiseme hana kazi kwa kuwa hukuona baya lolote, maana hukuliona kwa sababu yeye alikuwepo.

Hadithi naiacha hapa. Palipo na utamu chukueni, na palipo na uchungu chukueni vilevile.