Digidigi na Ukuta wa Uwanja

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao, wakwe zao na timu yao ya taifa, palikuwa na jambo ambalo mimi hadi leo limenishinda kulielewa: kwa nini asiyewahi kupiga mpira ndiye hujua zaidi nani apangwe.

Digidigi alikuwa winga wa kulia. Miaka tisa alikimbia pembeni, tiki tiki tiki, mabeki wakibaki kuulizana kapita wapi. Goti lilipomchoka akafundisha timu ya mtaa, kisha ya mkoa, mwisho akapewa ya taifa. Makocha wawili kabla yake, Mbega na Kanga, walifukuzwa kwa kufungwa na Ng'ambo, wanyama wa upande wa pili wa mto. Naye aliambiwa wazi: akifungwa na Ng'ambo, afungashe.

Siku moja kabla ya mechi na Ng'ambo, Tembo, mwenyekiti wa kamati ya timu, akamwita, akampa karatasi yenye majina kumi na moja. Mshambuliaji alikuwa Nyati, mkwe wa Tembo mwenyewe, ambaye hukimbia hatua nne akaomba maji. Alikuwepo Kiboko, na Kifaru, na wengine wa uzito huo huo.

Digidigi akasoma, akashukuru, akasema ni kikosi kizito.

"Ila mzee," akaongeza, "pale lango kuu la uwanja nimeona udongo umefukuliwa ukarudishiwa."

Hakusema ni kwato za nani zilizoufukua alfajiri ile.

Masikio ya Tembo yakasimama. Kila mtu alijua maana yake: Ng'ambo wamezika dawa, na timu itakayopita juu yake itavimba miguu. Tiba nayo ilijulikana.

"Timu itaruka ukuta," akasema Tembo.

"Wote, mzee? Hata mkweo?"

"Wote. Atakayepita langoni hachezi. Unataka kunifundisha mpira?"

"Nitaanzia wapi, mzee."

Kesho yake jezi zikagawiwa nje ya uwanja. Nyati akajaribu mara tatu: puu, puu, puu. Kifaru akaugonga ukuta kwa kichwa, akaenda kulala kivulini. Kiboko aliutazama tu, akakaa. Ndipo wachezaji wa akiba, Swala, Ngedere, Nguchiro na wenzao, wakaruka, chupu, chupu, chupu, hadi wakatimia kumi na mmoja. Tembo akatazama mechi akiwa nje, kwa juu ya ukuta.

Ng'ambo wakafungwa mbili bila.

Kamati ikakutana. Wapo walionong'ona habari za udongo, lakini amri ya ukuta ilikuwa ya mwenyekiti mwenyewe, na ushindi ulikuwa mtamu. Ikaamuliwa kuanzia siku ile kocha apange kikosi peke yake. Barua akapewa Nyati aipeleke.

Alimkuta Digidigi akikusanya mipira. Akaikabidhi, akabaki amesimama.

"Mwalimu, ahsante," akasema. "Kiuno kinaniuma tangu mwaka juzi, lakini baba mkwe haambiwi sitaki."

Basi jueni, wanangu: mkubwa hasukumwi, huachiwa aifuate amri yake mwenyewe.